Daftari Safi na Daftari la Supu: Uchambuzi wa Kisa cha Binti Aliyepima Maji ya Likoni

Daftari lililowekwa mezani kwangu lilikuwa safi kuliko lolote nililowahi kuletewa tangu nianze kusimamia miradi ya wanafunzi. Kurasa 32, wino mmoja wa buluu, mistari imenyooka, hakuna neno lililokatwa. Kila wiki ilikuwa na jedwali lake: tarehe, kazi iliyofanyika, stadi iliyotumika, maelezo. Wiki ya kwanza hadi ya kumi na moja, bila pengo hata moja. Mwenye daftari, binti wa miaka 16, alisimama kando ya meza akingoja nilisifu.

Nikafungua wiki ya pili. "Nilitumia stadi ya kujisimamia kwa kupanga muda wangu vizuri." Wiki ya tano, sentensi ile ile, neno kwa neno. Wiki ya nane, tena. Nikalifunga. Zilikuwa zimebaki siku 12 ripoti ikabidhiwe, na nilikuwa najua, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu akiwa gatini na kamba mkononi, kwamba binti huyu alikuwa amefanya kazi ambayo daftari lile halikuwa nayo hata chembe.

Nakiandika kisa hiki kwa idhini yake na ya mama yake, majina nimeyaweka kando. Nakiandika kwa ajili ya walimu wanaosimamia miradi ya namna hii, kwa kuwa kosa kubwa ndani yake lilikuwa langu, na ni kosa linalofanywa na mwalimu mwenye bidii.

Mradi wenyewe

Shule yetu inafuata programu ya miaka ya kati ya International Baccalaureate (IB), mtaala wa kimataifa. Katika mwaka wake wa mwisho kila mwanafunzi hufanya mradi binafsi. Anachagua jambo analotaka kulijua, anajiwekea lengo la kujifunza, anatengeneza kitu kutokana na alichojifunza, kisha anaandika ripoti isiyozidi kurasa 15. Kazi yote inakadiriwa kuchukua saa 25 hivi. Ripoti hupimwa kwa vigezo vitatu vyenye alama 8 kila kimoja: kupanga, kutumia stadi, na kutafakari. Kigezo cha pili ndicho kinachotuhusu hapa. Mwanafunzi anatakiwa aeleze ni stadi gani za kujifunza zilizomsaidia kufikia lengo lake, na zipi zilimsaidia kutengeneza kitu chake, na alete mifano na ushahidi. Stadi hizo zimepangwa katika makundi matano: kufikiri, utafiti, mawasiliano, kushirikiana na watu, na kujisimamia. Shajara yenyewe, yaani daftari ambamo mwanafunzi huandika mradi unavyokwenda, haitiwi alama. Kinachotiwa alama ni kile kinachovuka kutoka kwenye shajara kuingia kwenye ripoti.

Wenzangu wanaofundisha mtaala wa umilisi wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Wao nao wana umilisi wa kujifunza jinsi ya kujifunza, wana potfolio, na wana yale masanduku ya kutiwa tiki. Ninayoyasema hapa yanawahusu vilevile.

Mama yake binti anauza supu ya pweza Likoni, karibu na kivuko, kuanzia magharibi mpaka usiku. Pweza anawindwa miambani maji yakitoka sana, yaani kwenye bamvua, pale bahari inapopwa mpaka mwamba unabaki wazi na mtu anatembea kwa miguu na mkuki wake. Kwenye maji mafu mwamba haufunuki vya kutosha, pweza anakuwa haba, na bei inapanda. Mama alikuwa akitegemea simu za wavuvi: kesho kuna mali, kesho hakuna. Binti akataka kuyajua maji mwenyewe, aweze kumwambia mama yake wiki moja kabla. Lengo lake la kujifunza likawa kuelewa jinsi mwezi unavyoyaendesha maji ya Mombasa, na kitu chake kikawa kalenda ya ukutani ya miezi mitatu, ya kutundikwa kibandani.

Sijawahi kupokea pendekezo la mradi lililonifurahisha kuliko hilo. Ndipo nikampa jedwali langu.

Jedwali hilo nilikuwa nimelitengeneza miaka kadhaa nyuma, baada ya kundi la wanafunzi kufika mwisho wa mradi wakiwa hawana cha kuonyesha. Lilikuwa na safu nne, na safu ya tatu iliitwa "Stadi iliyotumika". Nia yangu ilikuwa njema: wasisahau. Lakini fikiria mtoto anayerudi kutoka gatini saa moja usiku, miguu imelowa, kamba imemponyoka, hasira imempanda. Jedwali linamuuliza leo umetumia stadi gani. Yeye anaona hajatumia yoyote, ameshindwa tu. Basi haandiki. Anangoja siku atakayokuwa na cha kujivunia, au anangoja mwezi uishe halafu akae aandike yote kwa pamoja, kwa mwandiko mzuri.

Alikoandika mara ya kwanza

Sikumgombeza. Nilimuuliza jambo moja: "Mwanangu, hivi vipimo vya maji uliviandika wapi siku ile ile, kabla ya kuvihamishia humu?"

Akanyamaza kidogo. "Kwa daftari la mama, Mwalimu. Lile la madeni."

"Bado lipo?"

"Lipo. Lakini ni chafu."

Siku iliyofuata alilileta ndani ya mfuko wa plastiki, nalo lilikuwa linanuka bizari na ndimu. Nusu ya kila ukurasa ni hesabu za supu: bilauri mbili, bilauri tatu, aliyelipa amepigiwa mstari. Nusu nyingine, pembeni, chini, wakati mwingine kwa kupindua daftari kichwa chini, ni maji. Nitaueleza ukurasa mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ulionifundisha nilichokuja kukiandika hapa.

Juu yake kuna tarehe ya Septemba na saa. Chini yake safu ya namba: 3.1, 3.4, 2.9, 3.6. Namba hizo zimepigwa msalaba mkubwa. Pembeni ameandika kwa penseli: "Jiwe lazama topeni. Kila mara lazama zaidi. Na mkondo waivuta kamba, haisimami." Chini ya hapo pana mchoro mdogo wa gati, kamba imelala upande, na jiwe ndani ya tope. Kisha nafasi tupu. Kisha, kwa kalamu nyingine, bila shaka siku nyingine: "Sihitaji kujua chini ni wapi. Nahitaji kujua maji yako wapi. Nipime kutoka juu." Na mchoro wa pili: gati lile lile, kamba fupi, mwishoni kopo la maziwa lenye mchanga kidogo, limegusa uso wa maji tu.

Hapo ndipo mradi wote uligeukia. Alikuwa ameanza kwa kuteremsha jiwe mpaka sakafu ya bahari, apate kina. Akagundua kwamba sakafu yenyewe haitulii, na kwamba hata ingetulia, kina si kitu anachokitafuta. Akahama kutoka kupima kwenda chini hadi tope, akawa anapima umbali kutoka ukingo wa gati, ambao hausogei, hadi uso wa maji. Kamba ile ile yenye mafundo kila sentimita 10, swali jingine kabisa. Baadaye aliulinganisha ukingo wa gati na jedwali la maji la bandari: siku ambayo jedwali lilisema maji yatafika mita 3.5, kamba yake ilisoma mita 1.1, na siku nyingine tatu jumla ikatoka karibu na ile ile, 4.6. Tangu hapo aliweza kuugeuza usomaji wake wowote kuwa kimo kinacholinganishika na jedwali.

Sasa tazama daftari safi linasema nini kuhusu wiki hiyo hiyo: "Nilipima maji kwa kutumia kamba. Stadi: kufikiri. Nilifikiri kwa kina kuhusu njia bora ya kupima." Jiwe halimo. Tope halimo. Ule msalaba haumo. Alipokuwa akihamisha alifuta kila alichokiona kuwa kosa, na pamoja na makosa akaifuta stadi yenyewe, kwa kuwa stadi ilikuwa imekaa katikati, baina ya namba zilizokatwa na sentensi ya kalamu ya pili. Msomaji asipouona ule msalaba hana njia ya kujua kwamba hapa kuna mtu aliyefikiri. Atasoma kwamba alisema amefikiri.

Miezi miwili angani

Kuna ukurasa mwingine ambao nusura unipite, kwa kuwa mwanzoni niliuchukulia kama ugomvi wa nyumbani.

Mjomba wake ni mvuvi. Binti alimuuliza bamvua lafika lini hasa, naye akamjibu kama wavuvi wanavyojibu: "Mwezi ukiandama, mwanangu, kesho yake ndiyo maji. Maji hayendi na mwezi sawasawa, yaufuata nyuma." Binti akafungua programu ya mwezi kwenye simu, ikamwambia mwezi mpya ni Jumapili. Basi Jumatatu ndiyo siku. Akapima Jumatatu, akapima Jumanne. Jumanne maji yalipanda zaidi. Ameandika: "Mjomba amekosea siku moja." Siku mbili mbele, kwa herufi kubwa: "MJOMBA HAJAKOSEA." Na mstari mmoja wa maelezo: "Mwezi wake ni ule ulioonekana Jumatatu jioni. Mwezi wa simu ni ule usioonekana."

Alikuwa sahihi. Mwezi mpya wa simu ni ile saa mwezi unapokuwa upande mmoja na jua, hauonekani na mtu yeyote. Mwezi mwandamo wa mvuvi, na wa msikitini, ni ule mwembamba unaoonwa kwa macho baada ya jua kuchwa, siku moja au mbili baadaye. Na bamvua lenyewe kweli linachelewa, siku moja hadi mbili baada ya ule mwezi wa simu. Kwa hiyo kanuni ya mjomba na kanuni ya simu zinasema jambo moja kwa kuanza kuhesabu mahali tofauti. Mtoto aliyeshika vyanzo viwili vinavyopingana, asichague kimoja na kukitupa kingine, akatafuta kila kimoja kinahesabu kuanzia wapi, huyo amefanya utafiti ambao watu wazima wengi hawaufanyi.

Katika daftari safi: "Nilitumia vyanzo mbalimbali vikiwemo intaneti na mahojiano."

Hapa nina neno la kusema kuhusu lugha. Ripoti zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, na daftari safi lilikuwa la Kiingereza, mimi hapa nalifasiri. Daftari la supu lilikuwa la Kiswahili, tena Kimvita cha nyumbani: lazama, yaufuata, maji mafu, bamvua. Kwa Kiswahili alikuwa na neno kwa kila hali ya maji, na kwa maneno hayo ndiyo alifikiria. Alipohamia Kiingereza cha shule alikosa maneno ya bahari, akabaki na maneno ya jedwali langu. Sidai kwamba ripoti iandikwe kwa Kiswahili. Utaratibu wa shule ni ule ule. Lakini kuanzia hapo nimewaambia wanafunzi wangu wote kwamba shajara iandikwe kwa lugha inayokujia mkono ukiwa umelowa. Kipande kinachoingia kwenye ripoti kinaweza kupigwa picha kilivyo na kufasiriwa chini yake. Mara nyingine tafsiri yenyewe humlazimisha mwanafunzi aeleze kitu alichodhani kinajieleza.

Askari wa gati na pegi ya nguo

Tatizo la tatu lilikuwa la usiku. Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa 12 na dakika 25 kutoka kujaa hadi kujaa, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Asubuhi binti yuko darasani. Usiku mama yake hakutaka kusikia habari ya gati, na mimi nilimuunga mkono mama. Kwa hiyo kipimo muhimu kuliko vyote, kile cha maji kutoka, kilikuwa nje ya uwezo wake.

Alimwomba askari wa gati, mzee mmoja mpole, amwandikie: maji yakitoka kabisa, kamba yasoma ngapi, na saa ngapi. Mzee akakubali. Siku nne mfululizo karatasi ilirudi na saa ile ile: saa nne kamili. Binti akajua haiwezekani, kwa sababu maji ya siku ya nne yanapaswa kuwa yamechelewa zaidi ya saa mbili kuliko ya siku ya kwanza. Mzee hakuwa amedanganya. Alikuwa na zamu yake, anachungulia anapopata nafasi, na macho yake hayasomi mafundo ya kamba gizani.

Aliyoyafanya baada ya hapo sikuyajua mpaka daftari la supu lilipofika mezani. Hakumwambia mzee amekosea. Aliacha kumwomba asome au aandike. Alimpa pegi ya nguo. Akamwomba hivi: kila ukipita, shusha kopo liguse maji, ubane pegi kwenye kamba palipo na ukingo wa gati. Ukikuta maji yameshuka zaidi, ihamishe pegi. Yakianza kupanda, iache. Na ukiihamisha, nipigie bipu, usingoje nipokee. Asubuhi binti akipita kuelekea kivuko anasoma pegi iko fundo la ngapi, na kwenye simu yake bipu ya mwisho inampa saa. Kimo na wakati, bila mzee kushika kalamu.

Nimekisimulia kisa cha pegi kwa walimu wengi, na karibu wote huuliza: hiyo ni stadi ya kushirikiana na watu au ya kufikiri? Mimi naona swali hilo ndilo lililotuharibia. Ilikuwa kuelewa mzee anaweza nini na hawezi nini, ikawa kubuni chombo, ikawa kulinda heshima ya mtu aliyemzidi umri. Jedwali langu lilimtaka achague neno moja. Kigezo chenyewe hakimtaki hivyo. Kinamtaka aeleze stadi ilivyotumika na atoe ushahidi, na ushahidi alikuwa nao: orodha ya simu ambazo hazikupokelewa, saa kwa saa, zikisogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila usiku. Sijaona hati ya mwanafunzi inayosema kweli kuliko ile orodha. Hakuna mtu aliyeiandika ili apate alama.

Siku 12

Tulikutana mara mbili katika siku hizo. Utaratibu unataka msimamizi na mwanafunzi wakutane angalau mara tatu katika mradi na tarehe ziwekwe kwenye fomu ya uadilifu, kwa hiyo hizi zilikuwa zile za mwisho.

Jambo la kwanza lilikuwa gumu kwake. Nilimwambia daftari safi lisiingie kwenye ripoti kama ushahidi. Lilikuwa limeandikwa lote katika wiki moja ya Novemba, na tarehe zilizo juu ya kila jedwali zinamfanya msomaji aamini liliandikwa wiki kwa wiki. Machozi yalimlengalenga. "Mwalimu, mimi sikudanganya. Yote yalitokea." Nami naamini hakudanganya, alikuwa amefua nguo kabla ya kuja mbele ya wageni, kama alivyofunzwa nyumbani. Mwenzangu mmoja niliyemshauri alikuwa na maoni tofauti: alisema kuandika upya ni sehemu ya kutafakari, na si haki kumnyima mtoto mwenye mwandiko mzuri kazi yake ya wiki nzima. Nimelifikiria neno lake sana. Nakubali kwamba kuandika upya kunafaa, ila kubebe tarehe yake ya kweli. Kurasa mbili za daftari safi zilizokuwa na mawazo mapya kweli tulizitumia, zikiwa na maelezo kwamba ziliandikwa Novemba, baada ya vipimo kwisha. Zilizobaki tuliziacha.

Kisha tukafanya kazi ya mikono. Alipiga picha kurasa tisa za daftari la supu, akayafunika kwa karatasi majina na madeni ya wateja wa mama. Nilimpa maswali matatu ya kujibu kwa kila picha: kabla ya ukurasa huu ulikuwa ukifanya nini, nini kilikulazimisha ubadilike, baada yake ulifanya nini tofauti. Jina la stadi alitakiwa aliweke mwisho, akishamaliza kujibu. Mara tatu jina lililokuja mwisho halikuwa lile aliloandika kwenye daftari safi. Ukurasa wa jiwe, kwa mfano, alikuwa ameuita "kufikiri". Akaubakiza hapo, ila akaongeza kwamba siku mbili baina ya msalaba na kalamu ya pili hakwenda gatini kabisa kwa sababu ya hasira, na kwamba kurudi kulihitaji kujitawala. Hilo lilikuwa la kujisimamia, na lilikuwa la kweli, tofauti na zile sentensi tatu za "kupanga muda wangu vizuri". Kwa hakika muda wake hakuupanga vizuri hata kidogo. Vipimo vya usiku wa siku tano za Septemba havipo popote.

Kwa kitu chenyewe, kalenda, ushahidi ulikuwa rahisi kupatikana kwa sababu mama alikuwa mkaguzi mkali. Toleo la kwanza lilikuwa na saa kama zilivyo kwenye simu: maji kutoka 10:40. Mama akalisoma saa kumi na dakika arobaini. Huo ndio wakati ambao, siku ya bamvua, maji yamejaa karibu kilele. Angemwagiza mvuvi mwambani maji yakiwa kifuani. Binti alilihifadhi toleo hilo na mzunguko wa wino mwekundu wa mama yake juu ya 10:40, na toleo la pili lina "saa 4:40 asubuhi", siku za bamvua zimetiwa rangi, na maji mafu yameachwa meupe. Picha mbili kando kwa kando, maelezo ya mistari minne. Sehemu hiyo ya mawasiliano ilijaza robo ukurasa tu na haikuhitaji zaidi.

Kurasa 15 ni chache. Tulitumia nne na nusu kwa kigezo cha stadi, na tulijiwekea sharti kwamba kila picha iwe na kazi. Orodha ya bipu iliingia. Ukurasa wa miezi miwili uliingia. Zile safu ndefu za vipimo vya Oktoba, alizozipenda kuliko vyote kwa kuwa zilimtesa, hazikuingia, maana zilionyesha bidii na hazikuonyesha badiliko lolote. Hapo tulivutana, na sina hakika kabisa kwamba nilikuwa sahihi. Bidii nayo ni kitu. Katika kupima pamoja na wenzangu wa idara, kigezo cha pili kilipata 7.

Nilichokibadilisha

Jedwali la safu nne nimeliondoa. Wanafunzi wangu wa sasa wananunua daftari la kawaida, au wanatumia simu, au sauti, na nina masharti mawili tu: tarehe na saa ya kweli, na usifute, kata kwa mstari mmoja ili kilichokatwa kisomeke. Kila wiki ya tatu naomba kuona ukurasa uliokatwa zaidi. Mwanzoni wanaona haya. Majina ya stadi nayatoa kwenye mkutano wa pili, wakati tayari kuna kurasa za kuyabandikia. Wapo wanaoteseka na uhuru huu, hasa wale wanaopenda kuambiwa waandike nini, na kwa hao huwa naacha simu yangu wazi jioni za Ijumaa wanitumie picha ya ukurasa wowote.

Katika ripoti ya binti kuna pengo moja ambalo hatukuweza kuliziba. Wazo la pegi lilimjia wapi? Nilimuuliza. Alisema anakumbuka alikuwa akianua nguo nyuma ya nyumba, jioni, na alijua papo hapo. Alitaka kuliandika, aya nzima, na ingekuwa aya nzuri. Tulilitafuta daftari la supu ukurasa kwa ukurasa: jioni hiyo kuna bilauri sita za mkopo na hakuna neno juu ya maji. Simu haikuwa na ujumbe wala picha. Kitu cha kwanza kinachoonekana ni bipu ya askari, saa 4:52 usiku wa siku iliyofuata. Tukaanzia hapo. Aliandika mstari mmoja kwamba wazo lilimjia jana yake na hakuliandika, akaweka picha ya orodha ya simu, na sehemu ya chini ya ukurasa wa tisa ikabaki nyeupe.